"Please Chime In": Maneno Mawili Yaliyoninyima Oda ya Vikapu 24

Leo sizungumzii mtaji wala vifungashio. Leo ni somo la Kiingereza, tena maneno mawili tu. Ila maneno hayo yaliwahi kunikosesha hela, na sitaki yakukoseshe na wewe.

Wengi wetu hapa tunauza kwa simu. Kuna wateja wa mtaani, kuna ndugu zetu walioko nje, na kuna wageni wanaoishi hapa hapa Dar, Arusha na Zanzibar ambao wanapenda vitu vya asili. Hawa wa mwisho wakitaka kitu, wengi hawaanzii sokoni. Wanauliza kwenye grupu lao, wenzao wanajibu, na mnunuzi anaamua humo humo kwenye maongezi. Usipojua namna ya kuingia kwenye maongezi hayo, biashara inakupita huku unaiangalia.

Mimi ilinipita hivi.

KILICHONIKUTA

Nauza vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa kwa milulu. Mimi niko Dar, mzigo unakuja na basi. Kuna grupu moja la wageni ambalo niliingizwa na mteja wangu. Sheria yake ilikuwa kali: kutangaza biashara ni Ijumaa tu. Ukitangaza siku nyingine, unatolewa.

Jumanne moja mama mmoja akauliza wapi atapata vikapu vikubwa 24 kwa ajili ya nyumba ya wageni aliyokuwa anaifungua. Yule mteja wangu akamjibu: "I got mine from a lady in this group. She can chime in about sizes and prices." Mama naye akaandika: "Yes, please chime in!"

Yote hayo niliyaona ndani ya dakika tano, simu ikiwa mkononi. "A lady in this group" nikaelewa, ni mimi huyo. "Sizes and prices" nikaelewa. Hiyo "chime in" ndiyo ikanikwamisha. Nikaliweka neno "chime" kwenye programu ya kutafsiri, ikaniletea habari za kengele kulia. Kengele ya nini tena? Kichwani nilikuwa na ile sheria ya Ijumaa, nikahisi labda hili ni onyo, labda mtu analalamika kwamba natajwa siku isiyo yangu. Nikaona bora ninyamaze. Yaani niliogopa kufukuzwa, kumbe nilikuwa nakaribishwa.

Alhamisi akapita mdogo wangu, ambaye amewahi kufanya kazi hotelini. Nikamwonyesha. Akacheka kwanza, halafu akasema, "Dada, hapa unaitwa uongee. Walikuwa wanakusubiri wewe." Nikakimbilia inboksi ya yule mama. Alinijibu kwa upole kabisa: angependa kununua kwangu, ila aliona kimya, na jana yake alishaagiza kwa mtu mwingine.

Piga hesabu na mimi. Vikapu 24 kwa shilingi 30,000 ni 720,000. Faida yangu kwa kikapu kimoja ilikuwa 8,000, kwa hiyo nilipoteza faida ya 192,000. Kodi ya chumba ninachohifadhia mzigo ilikuwa 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi mitatu na chenji inabaki. Kwa maneno mawili.

Basi nikakaa chini nikajifunza. Nilichokipata ndicho hiki.

1. CHIME IN MAANA YAKE NINI

"Chime" peke yake ni kweli ni mlio wa kengele, lakini ni ule mlio wa kupendeza, kama wa saa kubwa ya ukutani. Kule London kwenye mnara maarufu wa saa kuna kengele kubwa iitwayo Big Ben, ambayo hugonga saa kamili. Pembeni yake zipo kengele nne ndogo zinazolia kwa mpangilio kila robo saa. Mlio wa hizo ndogo, moja ikiipokea nyingine, ndiyo "chime" yenyewe. Kila kengele inaingia kwa zamu yake na inapatana na wenzake.

Ukiongeza "in", inakuwa kuingia kwenye maongezi ambayo wengine tayari wanayaendesha, ukaweka neno lako. Kwa Kiswahili chetu tungesema kuchangia mada, au kuongezea neno. Mimi nikitaka kuikumbuka nafikiria kiitikio cha nyimbo za harusi. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, na wimbo unanoga zaidi. Wakiingia wakati si wao, inakuwa kelele.

Kutokana na picha hiyo, shika mambo mawili.

La kwanza, huwezi ku-chime in kama hakuna maongezi. Wewe ukiwa wa kwanza kuandika, hapo umeanzisha, hujachangia.

La pili, neno hili lina urafiki ndani yake. Mara nyingi anaye-chime in anakubaliana na wenzake au anawaongezea kitu. Anaweza pia kuwa na wazo tofauti, lakini bado anaingia kwa upole. Mtu akikuambia "please chime in", hakugombezi. Anakuvutia kiti.

2. JINSI YA KULITAMKA NA KULITUMIA

Matamshi ni "chaim in". Kwenye kuongea haraka utasikia kama neno moja, "chaimin". Ikishapita inakuwa "chimed in". Ikiwa inaendelea ni "chiming in".

Sasa angalia kinachofuata baada yake, maana hapa ndipo wengi tunakosea.

Ukitaka kutaja jambo linaloongelewa, weka "on" au "about":
"Can I chime in on the sizes?" Yaani, naomba nichangie kuhusu saizi.

Ukitaka kutaja kile unachokileta, weka "with":
"Let me chime in with one small tip." Yaani, ngoja niongezee dokezo moja dogo.

Ukitaka kusimulia mtu alisema nini:
"Another customer chimed in to say the basket was very strong." Yaani, mteja mwingine naye akaongezea kwamba kikapu ni imara sana.

Usiandike "chime in this conversation". Sisi tunasema "kuchangia mada" moja kwa moja bila kiunganishi, ndiyo maana tunateleza. Kiingereza kinataka "chime in on this conversation", au kwa urahisi "join this conversation".

Usiandike pia "chime me in" ukimaanisha mniingize kwenye maongezi. Hiyo kazi ina maneno yake, nitayataja sasa hivi.

Kuhusu uzito wa lugha: "chime in" inafaa kwenye grupu, kwenye komenti, na kwenye barua pepe kwa mteja mnayezoeana. Ukiandikia ofisi au unaomba zabuni, tumia "share your thoughts" au "comment".

3. NDUGU ZAKE, USIWACHANGANYE

Kiingereza kina maneno mengi ya kuingia kwenye maongezi, na kila moja linaingia kwa mwendo wake. Sawa na nyumba moja: kuna anayepiga hodi, kuna anayesukuma mlango.

JUMP IN ni kuingia haraka bila kungoja mwaliko mrefu. Ni la kirafiki. "Jump in any time" ni kama kusema karibu uongee wakati wowote.

WEIGH IN ni kutoa neno lenye uzito. Mabondia hupimwa uzito kabla ya pambano, na huko kupimwa kunaitwa hivyo hivyo. Kwenye maongezi linamfaa mtu ambaye kauli yake inasikilizwa kwa sababu anajua au ana cheo. Mteja akisema "Could you weigh in on which fabric is better?", amekuheshimu kama fundi. Usimjibu "zote nzuri". Mpe jibu la fundi.

BUTT IN ni kudakia. Ni kuingilia watu wanaongea bila kuitwa, na wanakereka. Unaweza kulitumia kwa kujinyenyekeza wewe mwenyewe: "Sorry to butt in, but that colour is finished." Yaani, samahani kwa kudakia, ila rangi hiyo imeisha. Lakini usilitumie kwa mteja hata siku moja. Kumwambia mteja "you butted in" ni kumwambia ana kiherehere.

LOOP IN ni kumwingiza mtu mwingine kwenye maongezi ili naye ajue. Hili ndilo la mahali pa ile "chime me in". "Let me loop in my delivery guy" ni ngoja nimwunganishe kijana wangu wa bodaboda. "Please loop me in" ni naomba mniunganishe na mimi.

CHIP IN nalitenga, kwa sababu hili lilimponza mwenzangu.

4. MTEGO WA CHIP IN

Sisi neno letu "kuchangia" linabeba mizigo miwili. Unachangia harusi, unatoa hela. Unachangia mada, unatoa maneno. "Chip in" nalo linaweza kubeba yote mawili, lakini msikilizaji wa Kiingereza akiona "please chip in" bila maelezo mengine, mara nyingi mkono unaenda kwenye pochi. Anafikiri anaombwa pesa.

Mwenzangu mmoja anauza batiki. Alikuwa anataka wateja wamwambie rangi gani alete mwezi unaofuata. Akaandika: "New colours are coming. Please everybody chip in!" Kichwani mwake alisema, wote mchangie mawazo. Komenti ya kwanza ikatoka kwa mteja wake wa siku nyingi: "Chip in for what? How much?" Wa pili akauliza kama duka lina shida. Ikabidi aanze kuwaelezea mmoja mmoja kwamba haombi michango. Aliyekuwa anauliza rangi akaonekana kama anayepitisha bakuli.

Angeandika hivi asingepata tabu: "New colours are coming. Please chime in and tell me your favourite."

Kumbuka kwa ufupi: hela ni chip in, maneno ni chime in. Ukishika hiyo umeshika nusu ya somo.

5. UKIITWA, UNAANDIKA NINI

Kujua maana ni hatua moja. Ya pili ni kujibu kwa namna inayoleta oda. Mimi ningekuwa na akili niliyonayo leo, yule mama ningemjibu hivi:

"Thank you for mentioning me! Happy to chime in. The large baskets are 40 cm tall and cost 30,000 shillings each. I can have 24 ready in ten days. I can send you photos in your inbox if you like."

Hebu tuipitie.

Sentensi ya kwanza inamshukuru aliyekutaja. Huyo amekufanyia matangazo bure, usimruke.

Ya pili, "Happy to chime in", inaonyesha umeitwa ndiyo maana umekuja. Kwenye grupu lenye sheria kali kama lile, hiyo inasaidia. Hukujitangaza, umejibu.

Ya tatu inajibu kilichoulizwa: saizi na bei. Jamani, ile tabia yetu ya "bei njoo inbox" kwa wageni wengi inawakimbiza. Wakiuliza bei hadharani, wanataka jibu hadharani.

Ya nne inagusa idadi na muda. Mteja wa vikapu 24 hofu yake kubwa ni kama unaweza kuvipata vyote kwa wakati.

Ya tano inafungua mlango wa inboksi bila kumvuta mtu shati.

Angalizo moja: sisi tukianza maongezi tunasalimia, tunaulizana za nyumbani, ndiyo ustaarabu wetu. Kwenye komenti za Kiingereza "Hi" moja inatosha. Na usianze na "Hello dear" kwa mtu usiyemjua. Kwetu ni upendo, lakini wateja wangu wawili walishaniambia kwamba hiyo "dear" kutoka kwa mtu mgeni inawafanya wahisi ni tapeli.

Na kama umeitwa lakini hujaelewa neno lililotumika? Usifanye nililofanya mimi. Andika sentensi hii, inakubali karibu kila mahali: "Thanks for mentioning me. How can I help?" Mtu akikuonya atakueleza, akikuhitaji atakueleza. Kimya ndicho kisichokueleza chochote, na mteja anakitafsiri anavyotaka yeye.

6. WAKATI WA KUNYAMAZA

Tukishajifunza neno tunaweza kulizidisha. Kuna wenzetu kila wakiona mtu kauliza kitu, wanamwaga picha kumi na namba ya simu, hata kwenye ukurasa wa muuzaji mwingine. Hiyo siyo chime in. Hiyo ni butt in. Mtaani tunaita kudandia treni kwa mbele.

Kabla sijaandika neno kwenye maongezi ya watu, najiuliza maswali matatu. Nimeitwa, au swali limeulizwa kwa wote? Jibu ninalijua kweli? Na neno langu litamsaidia huyu mtu hata asiponunua kwangu? Nikipata ndiyo tatu, naandika. Nikipata hapana moja, napita.

Hilo la tatu limenilipa. Miezi michache baada ya kukosa ile oda, kwenye grupu lile lile mtu alilalamika kwamba kikapu chake kimepata vumbi na hajui kama kinaoshwa. Hakukinunua kwangu. Nikaandika: "Can I chime in? Don't soak it. Wipe it with a damp cloth and let it dry in the shade." Yaani asikiloweke, akifute kwa kitambaa chenye unyevu, akikaushe kivulini. Sikutaja bei, sikuweka namba. Jioni hiyo watu watatu walinifuata inboksi. Wawili waliuliza tu wakaondoka. Mmoja alichukua vikapu sita. Sita siyo 24, lakini huyo mpaka leo ni mteja wangu.

7. ZOEZI

Jaza nafasi kwa kutumia chime in, chip in, butt in, weigh in au loop in. Usichungulie majibu.

a) We are choosing the colour for the new bags. Please ...... with your ideas.
b) It is our teacher's farewell. Can everyone ...... 5,000 shillings?
c) Sorry to ......, but I think that parcel belongs to another customer.
d) My brother handles the buses. Let me ...... him ...... so he can tell you the day.
e) You have been sewing for twenty years. Could you ...... on this fabric?

Majibu: a ni chime in. b ni chip in, kwa sababu ni hela. c ni butt in, unaomba radhi kwa kudakia. d ni loop in, na hapa linagawanyika: "loop him in". e ni weigh in, kwa sababu anaulizwa kama fundi. Kama uliandika chime in kwenye e, sentensi ni sahihi, ila heshima ya ufundi wake imepungua kidogo.

KAZI YA LEO

Fungua simu yako, ingia kwenye sehemu ya kuandika dondoo, hifadhi zile sentensi tano za namba 5. Badilisha kikapu weka bidhaa yako, weka saizi yako, bei yako na siku zako. Siku ukitajwa hutaanza kutafuta maneno huku mteja anasubiri. Unanakili, unarekebisha, unatuma.

Halafu mtumie somo hili mwenzako mmoja ambaye wateja wake wanaandika Kiingereza. Mimi ningetumiwa mapema, ile kodi ya miezi mitatu ningekuwa nimeilipa kwa vikapu vya yule mama.

Sasa zamu yako. Niandikie hapo chini sentensi moja yenye "chime in" kuhusu bidhaa unayouza, nami nitaisahihisha. Usiogope kukosea, hapa hakuna sheria ya Ijumaa. Please chime in!